Bondi ya mitaro Malindi: nani hukopa, nani hulipa

Ndugu, umeuliza mbona manispaa ya Malindi isiuze bondi (hati za kukopa pesa kwa wawekezaji) ijenge mitaro na njia za wapita miguu. Mkopaji ni Kaunti ya Kilifi, ambayo manispaa iko chini yake. Kifungu 212 cha Katiba ya Kenya chataka mambo mawili: idhini ya bunge la kaunti na dhamana ya serikali ya kitaifa.

Kazi ngumu ni marejesho, maana mtaro hauingizi hata shilingi. Tuseme mwakopa milioni 300 kwa miaka 10, riba asilimia 14: riba ya mwaka wa kwanza pekee ni milioni 42, na bado milioni 30 za kupunguza deni. Lazima zitoke kwenye kodi ya ardhi, leseni na maegesho, zifungiwe akaunti yake. Miji mingi Marekani hutoza kila kiwanja ada ya maji ya mvua kulingana na eneo lililoezekwa au kusakafiwa, ndiyo hulipa bondi. Huo naona ni mfano wa haki.

Na tafadhali, tengeni bajeti ya kuzoa mchanga mitaroni kabla ya masika. Pesa za mkopo ni za maendeleo tu, haziruhusiwi kulipa usafishaji. Mtaro ukiziba, deni laendelea na mafuriko yarudi.