Muulize Fundi: Ekzosi ya pikapu inayovuta tela

Shikamoo fundi. Nina Hilux Vigo ya 2010, injini ya 3.0 D-4D, gia za mkono. Nachukua vitunguu Ruaha Mbuyuni napandisha Iringa, na tela langu ni la kuchomelea hapa hapa mtaani. Nikirudi nashusha nyanya za Ilula. Tela likijaa, mlima wa Kitonga gari linakata pumzi, moshi mweusi unatoka na geji ya joto inapanda. Fundi mmoja kaniambia tukate sailensa, tuweke bomba la inchi tatu na nusu moja kwa moja mpaka nyuma. Nimpe hela? — Msomaji, Ilula

Marahaba, mwanangu. Hela usimpe kwanza. Ekzosi nzuri inaisaidia injini yako, ila hayo matatu uliyoniandikia hayatoki kwenye sailensa.

Tuanze na moshi. Dizeli ikitoa moshi mweusi maana yake mafuta yanaingia na hewa ya kuyaunguza haitoshi. Fungua chujio la hewa; barabara za shambani hulijaza vumbi kabla ya muda wa sevisi. Kisha kagua mipira ya intakula, kile kipoza hewa ya tabo, hasa penye vibano. Mpira uliopasuka kidogo huonekana mzima gari likiwa limesimama, ukipanda na mzigo tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi) ikasukuma, ufa unafunguka na hewa inavuja. Baada ya hapo angalia vijipanga vya ndani ya tabo kama vinacheza au masizi yamevishika, halafu peleka nozeli zikapimwe. Kwenye injini hii nozeli si jambo la kuahirisha: washa zake za shaba (vile vipete vya kuziba) zikianza kuvujisha, masizi huingia kwenye oili na huweza kuziba chujio la pampu chini ya sampo. Ukiweka bomba jipya juu ya ugonjwa huo, utapanda Kitonga na moshi ule ule, kelele ikiwa imeongezeka.

Geji ya dashibodi nayo inapima maji, haipimi moshi. Ikipanda, tafuta rejeta lililojaa vumbi na maganda ya vitunguu, feni ambayo klachi yake imechoka, au thamostati.

Hayo yakishakuwa sawa, ndipo tuongee ekzosi. Tabo inazungushwa na tofauti ya msukumo kati ya moshi unaoingia na unaotoka. Bomba la nyuma likibana, moshi unasitasita, tabo inachelewa kuamka na joto linabaki kwenye vichwa vya pistoni. Ukilipanua, tabo huamka mapema kidogo na joto la moshi hushuka mlimani. Hiyo ndiyo faida ya mvuta tela. Nguvu za ziada utazisikia kidogo tu kama kompyuta ya injini haijaguswa, na kwa kazi yako sikushauri iguswe: kuongeza mafuta ni kuongeza joto palepale tunapotaka kulipunguza.

Inchi tatu na nusu ni upana wa bure. Kwa lita tatu, inchi mbili na nusu inatosha, na tatu ndiyo mwisho wangu. Kutoka mbili na nusu kwenda tatu njia ya moshi inaongezeka kwa asilimia 44, na hapo injini yako haina moshi wa kuhitaji zaidi. Kinachobaki ni uzito, na nafasi inayokosekana juu ya difu, kwenye ekseli ya nyuma. Kipande chenye maana kubwa ni kile kinachotoka kwenye tabo, pale moshi ni moto na mwingi. Wengi wanapanua nyuma, wanaacha mbele pamebana, halafu wanalalamika hawakuona tofauti. Kagua pia kona. Bomba lililokunjwa kwa mashine ya kubonyeza tu hujikunyata ndani ya kona, na inchi tatu ulizolipia zinabaki mbili na kitu. Ingiza vidole au tochi kabla halijafungwa. Kataliti (kisafisha moshi cha ndani ya bomba), kama ipo, iache mahali pake.

Sailensa usikate. Chagua ndefu, ya aina ambayo moshi unapita katikati moja kwa moja, bomba lake la ndani likiwa na matundu na kuzungukwa na sufi ya kioo. Haibani, na inaua ule mngurumo unaokaa kwenye kebini mizunguko ikiwa kati ya 1,800 na 2,200. Hapo ndipo unapokaa saa nzima ukivuta. Dereva aliyechoshwa na mngurumo hasikii beringi ya tela ikianza kulia.

Mambo mawili ambayo welda wengi huyasahau. La kwanza: bomba lipimwe gari likiwa na mzigo na tela limefungwa. Majani ya springi yakilala, difu inapanda, na bomba lililokaa vizuri gereji linaanza kugonga au kuiunguza spea tairi ya chini. La pili: kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, toa vichwa vya betri na chomoa soketi ya kompyuta ya injini. Mdomo wa bomba utokee ubavuni, nyuma ya kebini kabisa ili moshi usirudi ndani, usielekee kwenye waya za taa za tela wala kwenye magunia yako. Mnunuzi wa Iringa hatanunua kitunguu kinachonuka dizeli.

Una hela ya ziada? Nunua geji ya joto la moshi, kipimio chake kikae kwenye manifodi kabla ya tabo. Ikikaribia nyuzi 700 na kung'ang'ania hapo, punguza mguu, rudisha gia. Geji hiyo itakutunzia injini kuliko bomba lolote.

Sasa jambo linaloninyima raha katika barua yako. Tela la mtaani, nyanya, na kushuka Kitonga. Hujasema kama tela lina breki zake, na ninavyoyajua matela ya kuchomelea, halina. Hilux inaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu za tela lisilo na breki, tela lenyewe likiwemo kwenye hesabu. Magunia saba ya lumbesa peke yake yameshapita hapo. Injini ya dizeli haishiki gari sana ukiachia mafuta, na kuifungulia ekzosi hakuongezi kushika. Kwa hiyo ile hela ya inchi tatu na nusu ipeleke kwenye ekseli ya tela yenye breki, za kujisukuma (zinazoshika tela likisukuma gari) au za umeme. Ekzosi itasubiri msimu ujao. Mpaka hapo, pakia kidogo na shuka na gia uliyopandia. Nakuomba sana.

Fundi, habari za kazi. Tuna Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, inatoa na kuingiza boti ya faiba majini huku Kilifi. Bomba la inchi tatu litaongeza nguvu? — Msomaji, Kilifi

Nzuri, ndugu yangu. Halitaongeza cha maana. 1HZ ya 4.2 haina tabo, na nguvu yake nyingi iko chini, karibu na mizunguko 2,200. Ziba panapovuja, badilisha gasketi ya manifodi, inatosha.

Adui yenu ni chumvi. Bomba la chuma lililopakwa aluminiamu huanza kuliwa palipochomelewa, kwa sababu moto umeondoa ile rangi. Chukueni chuma kisichoshika kutu, daraja la 304. Muuzaji akiapa kuwa ni 304, mkaribishie sumaku: 304 haivutwi au inavutwa kidogo sana, daraja la 409 linavutwa sawasawa na chuma cha kawaida. 409 si mbaya bara, ila pwani itaota kutu mapema. Boti ikishatoka, osheni chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mkazie vibanio na bolti za flenji, kisha mwende mwendo wa kutosha bomba lipate moto. Kwenda ufukweni na kurudi mita mia chache kila siku huacha maji ndani ya sailensa, nayo huozea kwa ndani.

Hilux yangu ya 2.8 ina chujio la masizi. Naambiwa nilitoe ili ivute vizuri. — Msomaji, Dodoma

Usilitoe. Kompyuta itaona halipo na inaweza kuikata injini nguvu. Kuvuta tela barabara kuu kunalisaidia, maana moshi wa moto ndio unaounguza masizi yaliyonaswa. Safari fupi za mjini ndizo zinazoliziba. Tumia oili yenye majivu kidogo, ile ya kundi la C kwenye lebo (ACEA C). Na likiwa linajisafisha, kiangazi hiki usiegeshe juu ya majani makavu.