Malengo ya mtoto mwenye usonji yasiwe ya kuwafurahisha wageni

Mama mmoja ameniandikia juzi. Mwanawe mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na kuhusiana na watu) amepangiwa na mwalimu malengo mawili ya mwaka: awe na marafiki, na amtazame mtu machoni anapozungumza naye. Anauliza aanzie wapi.

Dada yangu, anza kwa kulifuta hilo la macho. Watu wazima wengi wenye usonji wamekwisha eleza kwamba kutazamana machoni huwatesa, wengine hata hawasikii tena wanachoambiwa. Mwanangu, naye ana usonji, husikiliza huku amekodolea macho magurudumu ya kigari chake, na ukimuuliza umesema nini, anakurudishia yote. Ndugu zangu waliita huko ni kukosa adabu, tena mbele yake. Sijasahau.

Hilo la marafiki naliita dua. Utalipimaje? Sisi tulichagua kusubiri zamu, basi: mchezo mmoja, mtoto mwenzake mmoja, dakika chache, na treni za kuchezea kwa sababu treni ndizo roho yake. Tulikuwa na kadi mbili za picha, "zamu yangu" na "zamu yako". Mwanzoni nilikaa katikati yao nikionyesha kadi, kisha nikawa nasogea nyuma kidogokidogo. Nyumbani akaweza. Shuleni ikawa kana kwamba hajawahi kuziona kadi zile, na mwalimu akanitazama kama mwongo! Lakini usonji ndivyo ulivyo mara nyingi: alichojifunza mtoto mahali pamoja hakihami chenyewe, kinafundishwa upya kwa watu wengine na mahali pengine. Kwa hiyo lengo liseme mtoto atalifanya jambo hilo pamoja na nani, wapi, na kwa msaada gani.

Mwezi uliopita binamu yake alimpokonya treni. Zamani angeng'ata. Safari hii alikimbia kuleta kadi, akamsimamishia usoni. Niliwapigia simu wote, hata wale wa adabu.

Na jambo ambalo wazazi hatulipi uzito: mfundishe kukataa. "Sitaki", "inatosha", "nataka kupumzika", kwa neno, picha au ishara, na akikataa kukumbatiwa mumsikilize. Mtoto aliyezoezwa kumtii kila mtu mzima atamtii hata mwenye nia mbaya. Rudi kwa mwalimu, mwombe afute la macho, aandike hili mahali pake.