Mgeni, sanaa ya kusimika na watoto wa Jambiani: yaliyonikuta mimi

Ndugu, umesema umehamia Unguja kutoka Kampala, sanaa yako ni ya kusimika vitu chumbani mpaka mtu aingie atembee ndani yake, na unaogopa kwamba ukifundisha watoto hutabakiwa na muda wa kazi yako. Mimi ni wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa 13 huku, na nafanya yote mawili.

Makaratasi kwanza. Kibali cha ukaazi ni kimoja na cha kazi ni kingine. Vishughulikie vyote kabla hujasimama mbele ya watoto, hata kama unafundisha bure.

Pesa ni ngumu. Mtalii wa Mji Mkongwe anataka picha inayokunjika iingie begini, na chumba kizima cha kamba hakikunjiki. Miaka miwili ya mwanzo nilipamba kumbi za hoteli, na hoteli moja ilichukua kazi ikanilipa nusu mpaka leo. Nikaanza kufundisha Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, kwa sababu ya njaa, sikufichi. Darasa lilikuwa baada ya skuli, kabla hawajaenda chuoni, yaani madrasa. Mzee mmoja aliniita, akaniuliza kwa upole kama nitawafinyangisha watoto sanamu za watu. Nikamwambia hapana, ni kamba, ukindu na nakshi za kanga. Akasema, "Basi na wajukuu zangu waje."

Siku nyingine nusu ya darasa ilikuwa haionekani. Niliumia, nikidhani wamenichoka. Mama mmoja akanambia, "Mwalimu, leo bamvua." Maji yakitoka sana, kina mama wako kwenye mashamba ya mwani na watoto wanawasaidia. Tangu hapo napanga masomo kwa kuutazama mwezi; siku za maji mafu, maji yasipotoka sana, wanakuja wote.

Mwaka wa tatu nilipata chumba mjini cha kuonyesha kazi. Nikakusanya kamba kuukuu za mwani zikiwa bado na taitai zake, vile vipande vya kufungia miche, nikazitundika darini safu kwa safu, ili mtu ajihisi yuko chini ya maji. Nikawaleta watoto 9 waone. Msichana mmoja akatazama juu, akauliza, "Mwalimu, mbona mwani uko huko? Sisi wetu uko hapa." Akajigusa goti.

Tukazishusha zote mpaka usawa wa goti, tukazifunga kwenye vigingi. Ilituchukua siku mbili, na katika kazi hiyo watoto waliyafungua mafundo yangu wakafunga upya, kwani fundo langu bahari ingelilichukua jioni ile ile. Tulipomaliza, kila mtu mzima aliyeingia ilimbidi ainame kuiona kazi, na mgongo ukamuuma kama unavyowauma mama zao. Hilo nisingelipata peke yangu hata ningekaa na daftari mwaka mzima. Ndiyo maana sikubali kabisa watu wanaposema kufundisha watoto ni kibarua cha msanii aliyeshindwa.

Mtazame msanii Lubaina Himid. Amezaliwa hapa Unguja 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, akapata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko, 2017, na kwa miaka mingi amefundisha chuo kikuu huko Preston. Kazi yake ya 2004, Naming the Money, ni watu 100 wa mbao, ukubwa wa mtu mzima, Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya. Kila mmoja ana jina lake na jina alilobandikwa na waliomtumikisha. Niliwaonyesha watoto picha zake. Wakanyamaza kidogo, kisha mmoja akasema kamba zetu nazo zina wenyewe. Kila moja inajulikana imetoka shamba la nani. Basi wakaandika majina ya mama na bibi zao kwenye vipande vya ukili, ule msuko wa ukindu, wakavifunga kwenye vigingi.

Siku ya kufungua, kina mama walikuja kwa daladala moja, wamevaa kanga za sare. Mmoja alipita akiinama, akisoma jina baada ya jina, mpaka akaliona lake. Akaipapasa kamba yake kwa vidole, akakuta taitai moja imelegea. Akachutama, akaifungua, akaikaza.