Kabla hujaegemea hicho kiti cha plastiki, nisome kwanza

Mkuu, WEKA HICHO KITI CHINI. Umeuliza simu gani inatosha, ufanye dakika ngapi kwa siku, na kama kiti na madumu ya maji vinafaa badala ya vyuma kwenye hizi apu za mazoezi za AR, yaani zile zinazochora kocha wa katuni juu ya picha ya kamera kama vile yumo chumbani kwako. Naanza na kiti maana kiliniweka hogo mkononi wiki 6.

Apu inakwambia zungusha simu chumbani, unazungusha, vidoti vinatapakaa sakafuni mpaka juu ya kiti, mara kiti kinachorwa mstari wa kijani na kocha wa katuni anatokea pembeni amekaa mkao wa dipsi, lile zoezi la kujishusha na kujiinua kwa mikono ukingoni mwa kiti. Mie kuona kijani nikajua kimeshapasishwa! Viganja ukingoni, miguu mbele, ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu kiti kikateleza kwenye marumaru kikanikimbia mgongoni, nikaangukia mkono, kifundo kah. Na yule kocha wala hana habari, "nne... tano..." yaani nimelala chini nahesabiwa kama bondia.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video, eti "apu inakukagulia vitu vyako yenyewe". Inakagua nini?? Kamera inafuata vidoti kwenye picha, inalinganisha na sensa (vihisi) za mwendo za simu, basi inajua hapa pana sehemu bapa, pana upana huu, iko umbali huu. Haijui miguu ya kiti imelika, haioni ufa wa chini, wala haijui wewe una kilo ngapi. Nikiwa na hogo langu nikairudia ile video, kumbe kiti chake kimegandamizwa ukutani muda wote na hakusema hata neno!

Kwa hiyo simu ikiwa bado imezimwa, egemeza mgongo wa kiti ukutani, kisukume kwa nguvu zako zote, halafu kalia ukingo tu. Kikisogea au kikipinda hata kidogo hakifai, hata apu ikikipaka kijani cha bendera. Dumu nalo linyanyue kwanza bila simu, la lita 5 ni kilo 5, na lijaze pomoni kwa sababu maji ya nusu yanacheza humo ndani yanakuvuta mkono.

Hebu kigeuze hicho kiti, piga picha ya miguu kwa chini uitupie hapa. Na usiguse dipsi mpaka tuione.