Ofa zako zikikataliwa kila mara: namna ninavyopanga kikomo cha bei kabla ya kugombea nyumba ya kupangisha

Ndugu yangu uliyeuliza, nimelisoma swali lako lote. Umeweka akiba inayotosha malipo ya awali, ofa zako zimekataliwa mara kadhaa kwa sababu kila nyumba inagombewa na wanunuzi wengi, na sasa unafikiria mambo matatu: kupandisha bei, kuacha ukaguzi wa jengo ili muuzaji akuchague, na kuunganisha fedha zako na za binamu yako. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua na kupangisha nyumba katika soko la namna hiyo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyafanya mwenyewe. Jibu la swali la kwanza litakuwa refu kuliko mengine, kwa sababu hayo mawili yanalitegemea.

Kukataliwa ofa peke yake si dalili kwamba unakosea. Watu wengi wanapokadiria thamani ya kitu kimoja, kila mmoja kwa makisio yake, kwa kawaida hushinda yule aliyekadiria juu kuliko wenzake wote, na makisio ya juu kiasi hicho mara nyingi huwa yameshaivuka thamani yenyewe. Jambo hili lilielezwa mwaka 1971 na wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield ya Marekani, ambao walitaka kufahamu kwa nini kampuni zilizoshinda minada ya vitalu vya mafuta zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Wachumi huliita laana ya mshindi. Kwenye nyumba hali ni ngumu zaidi, maana mshindani wako mara nyingi si mwekezaji. Ni mtu anayetafuta mahali pa kuishi na familia yake, naye ana haki kabisa ya kulipia zaidi bustani aliyoipenda au utulivu wa kuwa na kwake, ilhali mpangaji wako hatakuongezea chochote kwa ajili ya furaha hiyo.

Ndiyo maana bei yangu ya mwisho huitoa kwenye kodi ya pango, wala siitoi kwenye ofa za watu wengine. Tuchukue nyumba inayouzwa 100,000 kwa sarafu yoyote unayotumia, na inayopangishwa kwa 700 kwa mwezi. Dalali atakuambia kwamba nyumba hiyo inaingiza asilimia 8.4 kwa mwaka, na hesabu yake si ya uongo, kwani 700 mara 12 ni 8,400. Lakini hayo ni mapato ghafi. Mimi huondoa kwanza kodi ya mwezi mmoja, kwa kuwa mpangaji atahama siku moja na nyumba itakaa wazi huku ikipakwa rangi, zinabaki 7,700. Kisha huondoa sehemu ya kumi ya kodi ya mwaka kwa ajili ya matengenezo, yaani 840, kodi ya majengo pamoja na bima ambazo katika mfano huu tuseme ni 1,200, na asilimia 8 ya makusanyo kwa ajili ya msimamizi, yaani 616. Hata kama utasimamia mwenyewe, iondoe, kwa sababu muda wako nao una thamani, na ipo siku utachoka. Zinabaki 5,044, ambazo ni takriban asilimia 5 ya bei.

Sasa weka mkopo. Ukilipa robo mwenyewe na kukopa 75,000 kwa miaka 25 kwa riba ya asilimia 6, marejesho yatakuwa kama 483 kwa mwezi, sawa na karibu 5,800 kwa mwaka, na nyumba itakudai zaidi ya 750 kutoka mfukoni mwako kila mwaka. Riba ikiwa asilimia 4, marejesho yanashuka hadi kama 4,750, na nyumba ileile inakuachia karibu 300. Nyumba haijabadilika hata tofali moja. Kwa hiyo mtu anayekusimulia jinsi alivyofanikiwa, muulize kwanza alikopa lini na kwa riba gani. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na riba ya asilimia 0.1 hadi katikati ya Desemba 2021, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa imefika asilimia 5.25, hivyo wenye nyumba za kupangisha ambao mikopo yao ilikuwa na riba iliyofungwa kwa miaka miwili au mitano tu walijikuta muda wa mkataba umekwisha na hesabu waliyonunulia haipo tena. Kabla ya kusaini chochote, mimi hurudia hesabu nzima kwa riba iliyo juu kwa asilimia 2 kuliko ile niliyopewa, na kama sioni namna ya kuibeba nyumba hiyo kwa mshahara wangu kwa mwaka mmoja au miwili, naiacha.

Kwa riba ya asilimia 6 na malipo ya awali ya robo, bei ambayo nyumba ya mfano wetu inaweza kujilipia ni takriban 87,000. Hiyo ndiyo huiandika kwenye karatasi kabla sijazungumza na dalali, na simwambii. Hoja kwamba bei zitapanda naijua, na pengine zitapanda kweli, lakini kupanda kwa bei hakulipi marejesho ya mwezi ujao. Nikitoa 100,000 ninakuwa nimenunua matumaini yenye thamani ya 13,000, na ninapenda kulijua hilo waziwazi badala ya kulifichia ndani ya neno uwekezaji. Zipo nyumba ambazo ningelipia matumaini kidogo, lakini nyumba ya kwanza ya mtu asiye na akiba nyingine haimo miongoni mwake.

Kuna mtego mwingine katika kupandisha ofa ambao wanaoanza hawauoni. Benki hukopesha kwa kufuata kiasi kilicho kidogo kati ya bei mliyokubaliana na thamani aliyoiandika mthamini. Ukishinda kwa 110,000, kisha mthamini akaandika 100,000, benki inayotoa robo tatu itakupa 75,000, nawe utatakiwa kutoa 35,000 badala ya 27,500 ulizokuwa umezipanga. Fedha hizo hutoka palepale ulipokuwa umeweka akiba ya matengenezo.

Kuhusu ukaguzi, usiuache. Usogeze mbele. Mimi hupenda kuingia na mkaguzi wa majengo kabla ya kutoa ofa, kama muuzaji anaruhusu, ili ofa yangu isiwe na sharti hilo na bado niwe najua ninachonunua. Gharama yake hupotea ukishindwa, ni kweli, na kwa sababu hiyo huifanya tu kwa nyumba ambayo hesabu yake imekubali. Pia zungumza na mpangaji aliyemo. Niliwahi kuingia katika nyumba ambayo dari ya chumba kimoja tu ilikuwa imepakwa rangi mpya, na nilipomuuliza mama aliyekuwa akiishi humo kama rangi hiyo ilipakwa karibuni, hakunijibu kwa maneno; aliinama akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda, ikiwa na alama za maji zilizopangana kama pete kwa ndani. Hukohuko niliomba taarifa za benki za muuzaji zinazoonyesha kodi iliyoingia, badala ya mkataba wa pango peke yake, kwani mkataba huonyesha kodi iliyoahidiwa. Kwa miezi kadhaa kiasi kilichoingia kilikuwa nusu. Hati nayo ichunguzwe na wakili wako mwenyewe katika msajili wa ardhi, asiwe wakili aliyeletwa na dalali, ili ujue kama ipo rehani au zuio lolote.

Utauliza basi nyumba za 87,000 zinapatikana wapi ikiwa kila mtu analipa 100,000. Mara nyingi zipo mahali ambapo mnunuzi wa kukaa mwenyewe hapataki. Nyumba yenye mpangaji ambaye mkataba wake haujaisha humkimbiza mnunuzi huyo, kwa kuwa hawezi kuhamia, ila kwako ni kodi inayoanza siku ya kwanza. Nyumba ndogo mbili au tatu ndani ya kiwanja kimoja, nyumba yenye harufu mbaya na mazulia ya zamani lakini yenye msingi na paa imara, nyumba iliyokaa sokoni hadi tangazo lake likazoeleka: hizo ndizo ninazozifuatilia. Tena muuzaji hataki bei peke yake. Warithi wanaotaka kugawana haraka watathamini mnunuzi aliyekwisha kuidhinishiwa mkopo, na anayesubiri nyumba yake mpya ikamilike atathamini ruhusa ya kubaki wiki chache baada ya kuuza. Mwulize dalali muuzaji anahama lini na kwa nini, kisha uitengeneze ofa kulingana na jibu hilo.

La binamu nitalisema kwa kifupi. Ukopaji wa pamoja kwa kawaida humfanya kila mmoja wenu awajibike kwa deni lote, wala si kwa nusu yake. Kwa hiyo kabla ya kutafuta nyumba andikianeni kwa wakili ni nani atakayetoa fedha paa likiharibika, kodi itagawanywaje, na mmoja akitaka kutoka, nyumba itathaminiwa na nani na mwenzake atapewa muda gani wa kumlipa. Akisema kwamba ndugu hawaandikiani, nunua nyumba ndogo zaidi peke yako.