Mnaoanza uchambuzi wa usalama, ulizeni mafuta yanatoka wapi

Ripoti yangu ya kwanza ilijaa mishale: kikundi kimetoka huku, jeshi limesogea kule. Mkuu wangu aliisoma yote, kisha akauliza, "Mafuta ya magari yao wanayapata wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora vita na kusahau biashara inayoviendesha.

Chukueni Somalia. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036, ambalo wengi hulitaja kwa kuwa liliruhusu idadi ya askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, kufika 17,731. Azimio hilohilo lilipiga marufuku mkaa kusafirishwa nje ya Somalia, maana Al-Shabaab walikuwa wakivuna fedha humo. Mwaka huohuo wanajeshi wa Kenya na wanamgambo washirika wao wa Kisomali wa Ras Kamboni waliingia Kismayo, bandari kubwa ya mkaa. Kwenye ramani yangu huo ungekuwa ushindi. Lakini mwaka uliofuata wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwa mkaa bado unapakiwa, na Al-Shabaab bado wanatoza ushuru kwenye njia zinazouleta. Bandari ilipata wenyewe wapya. Malori yaliendelea kupita palepale.

Ndiyo maana nawaambia: mkipewa mpango wa kuteka mji, tafuteni kwanza bidhaa inapita wapi kabla haijafika mjini.

Baharini ni vilevile. Meli za kivita hukamata majahazi ya heroini katika Bahari ya Hindi, shehena inatupwa majini, na mara nyingi mabaharia wanaachiwa kwa kuwa hakuna nchi iliyo tayari kuwashtaki. Mwenye mzigo hakuwamo hata chomboni.

Msidhani pia kwamba kumwaga wanajeshi kunatosha. Meksiko ilianza kufanya hivyo Desemba 2006, dhidi ya magenge ya dawa za kulevya. Vigogo wakakamatwa au kuuawa, magenge yakagawanyika na kupigana yenyewe kwa yenyewe. Isitoshe, genge la Zetas lilianzishwa na makomando walioasi jeshi hilohilo. (Hili la askari kununuliwa huwa halimo kwenye mipango niliyosoma.)

Kwa hiyo msianzie kwa majenerali. Anzieni kwa madereva wa malori: wao wanajua kizuizi kipi wanalipa wakapewa risiti, na kipi risiti hiyo inawapitisha bure.