Seli za mama mwenyewe: hazitarudi na saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana mailoma, saratani ya uloto (uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu). Ameambiwa atatolewa seli shina zake za damu, zigandishwe, apewe dawa kali, kisha arudishiwe zilezile. Jirani yetu mwenye lukemia, saratani ya damu, alitafutiwa ndugu wa kumchangia. Sasa kama uloto wa mama ndio mgonjwa, kumrudishia seli zake si kumrudishia ugonjwa? Kwa nini asipewe za mjomba?

JIBU: Marahaba. Hofu hiyo hata watafiti walikuwa nayo, na kwa lukemia ilithibitika. Mwaka 1993 Malcolm Brenner na wenzake wa Memphis, Marekani, walieleza walivyotia alama ya jeni kwenye sehemu ya uloto wa watoto wenye lukemia kabla ya kuwarudishia. Ugonjwa uliporudi, alama ile ilikutwa ndani ya seli za saratani. Kwa hiyo ndiyo, mfuko wa seli zilizohifadhiwa unaweza kubeba ugonjwa.

Kwa mailoma mambo yakawa mengine. Seli zilichujwa kwa bidii kuondoa zile za saratani, lakini jaribio lililochapishwa 2001 lilionyesha kuwa waliorudishiwa zilizochujwa hawakuishi zaidi ya wenzao. Kinachomrudishia mgonjwa mailoma, kwa sehemu kubwa, ni masalia yaliyojificha mwilini mwake.

Neno "kupandikiza" lenyewe linapotosha hapa. Tiba ya mama ni ile dawa, melfalani, mara nyingi miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Dozi hiyo huisambaratisha saratani na uloto kwa pamoja, na seli zilizohifadhiwa zinakuja kuuotesha uloto upya. Bila hizo, dozi hiyo isingethubutiwa.

Kwa jirani yenu, seli zenyewe ni dawa. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mapacha. Uloto wa pacha wa kufanana hauna saratani na tishu zake zinaoana na za mgonjwa kwa kila kitu. Ungedhani hakuna bora kuliko huo. Lakini uchambuzi wa Mary Horowitz na wenzake, mwaka 1990, ulionyesha kuwa lukemia iliwarudia zaidi waliopewa uloto wa pacha kuliko waliopewa wa ndugu wa kawaida ambaye tishu zake zinaoana na zao. Kinga ya pacha haioni mgeni; ya ndugu inaona, na inaendelea kuwinda masalia. Mwaka huohuo Hans-Jochem Kolb, wa Munich, alieleza wagonjwa watatu wa lukemia sugu ambao ugonjwa uliwarudia baada ya kupandikizwa. Waliongezewa seli nyeupe za wachangiaji wao pamoja na interferoni, dawa ya kuamsha kinga, na ugonjwa ukarudi nyuma.

Mjomba, akiwa wa baba mmoja na mama mmoja na mama yako, ana nafasi 1 kati ya 4 ya tishu zake kuoana na za mama kikamilifu. Tatizo ni kwamba kinga yake haitaishia kwenye saratani. Hushambulia ngozi, ini na utumbo, na wapo wanaokufa kwa hilo. Ndiyo maana kwa mailoma hatuanzi na seli za mtu mwingine.

Siku ya kurudishiwa, msishtuke. Mfuko huyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu, kama nyuzijoto 37, kisha seli zinapita kwenye mpira wa mshipani kama damu ya kawaida. Chumba kitanuka kama kitunguu saumu. Ni kemikali iliyozilinda seli kwenye baridi, inatoka kwa pumzi. Kazi ngumu ni kungoja neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na maambukizi, zifike 500 kwa kila mikrolita ya damu kwa siku tatu mfululizo, kwa kawaida kama wiki mbili, huku homa yoyote ikihesabiwa ni dharura.

Swali ambalo ningewauliza madaktari wake ni: sasa, au baadaye? Jaribio la Marekani la 2022 lilionyesha kuwa waliopandikizwa mapema walikaa takriban miezi 67 kabla ugonjwa haujasonga mbele, dhidi ya 46 kwa wale ambao kwao upandikizaji uliwekwa akiba. Hata hivyo, katika muda waliofuatiliwa, idadi ya waliobaki hai haikutofautiana kwa maana. Kwa hiyo ulizeni pia kama watavuna seli za kutosha kwa upandikizaji mara mbili. Kima cha chini kwa mara moja ni seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake, na mfuko wa pili unaweza kukaa kwenye friza miaka mingi.